Vifuko vya zawadi vya kujitengenezea
Jamani jana nimekesha na mkasi. Send-off ya mdogo wangu ni jumamosi na vile vifuko vya zawadi pale Mwanjelwa bei yake imenishinda, nikasema ngoja, nikanunua karatasi za kufungia zawadi roli mbili na gundi nikarudi zangu nyumbani. Unazungushia karatasi kwenye boksi la majani ya chai, unagundisha ubavuni, unakunja kitako kama unafunga zawadi halafu unachomoa boksi, kifuko kimesimama chenyewe! Cha kwanza nikakijaribu na maparachichi matatu, sijafika hata mlangoni kitako kikaachia, parachichi moja likaishia chini ya kochi, mama anacheka tu. Kumbe ndani unatakiwa uweke kipande cha boksi gumu, na pale juu unakunja mara mbili kabla hujatoboa matundu ya kamba, la sivyo inachanika. Shida ni gundi, na baridi hii ya Mbeya mwezi wa saba haikauki mpaka uisogeze karibu na jiko la mkaa (sio karibu sana, kimoja kimeungua pembeni 😂). Hadi sasa ninavyo 14, bado 6.