Nilivyomfundisha wakala wa akili mnemba saa zetu

Maelezo ya unda_kazi, zana ambayo wakala wetu wa akili mnemba (programu inayosoma ujumbe na kutenda yenyewe) huitumia kuingiza kazi kwenye mpango, nimeyaandika mara nne. Mara ya kwanza yalikuwa sentensi moja tu: "Hutengeneza kazi mpya kwenye mradi." Ndivyo alivyonishauri kaka mmoja wa Dar aliyenitangulia kwenye fani: andika kifupi, modeli hizi za akili mnemba zina akili, zitajijazia zenyewe. Ushauri ule ulitugharimu, na hadi leo nikiukumbuka naudhika.

Programu yetu ni ya kupangia kazi za kuchimba visima. Ofisi iko hapa Dodoma mjini, saiti ziko Bahi, Chamwino, Kongwa, nyingine hadi Mpwapwa. Msimamizi wa saiti akiwa juani hajazi fomu, anatuma ujumbe: kesho fulani afanye hiki na hiki. Tukaamua kumweka wakala wa akili mnemba asome jumbe hizo na kuingiza kazi kwenye mpango, kwa kutumia MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli na zana za nje, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Kuunganisha hakukunisumbua. Shughuli ilikuwa kwenye maelezo. Wakala haoni msimbo wa programu yako. Anaona jina la zana, maelezo yake na skima ya JSON, yaani muundo unaotaja parameta (sehemu za kujaza). Usichokiandika hapo, kwake hakipo.

Wiki ya kwanza tu, msimamizi akaandika: "Jumanne saa tatu asubuhi fundi akashushe pampu Chamwino." Fundi akapokea kwenye simu: tarehe 16, 03:00. Akanipigia.

"Kaka, mnataka nikashushe pampu saa tisa usiku? Geti nitafunguliwa na nani?"

Nikadhani tatizo ni ukanda wa saa. Nikaandika kwenye maelezo: "Tumia saa za Afrika Mashariki, +03:00." Nikajaribu tena, ikatoka 2025-09-16T03:00:00+03:00. Ukanda sahihi kabisa, saa bado ya usiku wa manane! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shida iko kwenye kuhesabu. Sisi saa zetu tunaanza kuzihesabu jua likichomoza, na hilo hakuna aliyemwambia wakala.

Jaribio la tatu niliona nimemaliza: "Saa za Kiswahili, ongeza 6." Saa tatu asubuhi ikawa 09:00, nikafurahi, nikafunga kompyuta. Kesho yake mhasibu akaandika "kikao 14:00", wakala akaongeza 6 na kikao kikaenda 20:00. Tena kuna kijana wa mtambo aliyeandika "tutaanza saa sita usiku". Sita na sita ni kumi na mbili, zamu ya usiku ikaingia saa sita mchana. Kanuni moja fupi, makosa mawili ya aina tofauti.

Ndipo nikaacha kanuni na kuandika mifano, kama unavyomwelekeza kijana mgeni siku yake ya kwanza saiti. "Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa saba mchana ni 13:00. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Saa sita usiku ni 00:00. Muda ulioandikwa kwa nukta mbili, kama 14:00, usiuguse. Kama hakuna asubuhi, mchana, jioni wala usiku, usikisie, muulize aliyetuma." Kwa "Jumanne saa nane usiku" nikamwagiza aulize kila mara, maana hata sisi wenyewe tunabishana kama ni usiku wa kuamkia Jumanne au Jumatano.

Ila kitu ninachojivunia zaidi ni parameta moja niliyoiita maneno_ya_muda. Ni ya lazima. Wakala anatakiwa kunakili maneno ya msimamizi yalivyo, herufi kwa herufi, pembeni ya muda alioukokotoa. Seva yetu, yaani kompyuta inayopokea maombi ya wakala, inalinganisha: kama maneno yana "asubuhi" na saa iliyoletwa ni 03:00, inakataa na kujibu, "Saa tatu asubuhi ni 09:00. Rekebisha, tuma tena." Wakala anasoma jibu hilo na kurekebisha mwenyewe. Kwa hiyo ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo, uandike vizuri. "Ombi batili" halimsaidii mtu wala mashine.

Kuhusu ile gharama ya kuandika kifupi: intaneti ilikatika katikati ya ombi, wakala hakupata jibu, akatuma tena, na tena. Kazi ya kuagiza mabomba ya kisima ikaingia mara tatu, mzee wa stoo akaagiza mara mbili kabla ya kushtuka. Laki sita na ushee zikalala pale kwenye mabomba. Siku hizi kila ombi lina ufunguo wake, yaani alama ya kipekee ya kulitambua, na maelezo yanasema wazi: ukirudia, tumia ufunguo uleule. Seva ikiuona mara ya pili inarudisha kazi iliyokwishaundwa.

Kupima nilipima kwa jumbe halisi za wasimamizi, kama arobaini hivi, majina nikiwa nimeyafuta. Msijipime kwa sentensi mlizotunga ofisini, hizo zimenyooka mno.

Ujumbe mmoja kati ya hizo ulinikalisha mchana mzima: "Hiyo ya Bahi tuisogeze, mvua zikikata gari litapita." Wakala alikuwa anaweka tarehe 1 Mei kwa kujiamini kabisa. Sasa maelezo yanamwambia: msimu si tarehe, acha parameta ya tarehe_mwisho tupu, nakili maneno, weka hali "inasubiri". Kazi ya Bahi imekaa hivyo kwenye mpango, na maneno ya msimamizi yako chini yake kama alivyoyaandika.