Walishangilia ubingwa usio wao

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari imechelewa mnisamehe, umeme ulikatika tangu jana jioni. Leo nawapeleka Uturuki, na akina mama najua mtasema huyu kaanza tena na mipira yake, vumilieni kidogo tu.

Kuna mji unaitwa Bursa, uko chini ya mlima Uludağ, mji wa hariri toka zamani. Timu yao Bursaspor ilizaliwa 1963, vilabu vitano vya pale mjini vilikaa vikaungana kikawa kimoja (kanisani kwetu kwaya mbili tu zimeshindwa, ila tuyaache hayo). Ligi ya Uturuki ilianza 1959, na mpaka 2010 ubingwa ulikuwa wa wakubwa watatu wa Istanbul, nje ya hao ni Trabzonspor peke yake.

Sasa tarehe 16 Mei 2010, siku ya mwisho ya ligi. Fenerbahçe, mmoja wa wale wakubwa watatu, wanaongoza kwa pointi moja mbele ya Bursa, wako nyumbani Istanbul na Trabzonspor, Bursa wako kwao na Beşiktaş. Fenerbahçe wakatoka 1-1, mpira ukaisha, alafu kipaza sauti cha uwanja kikatangaza kwamba Bursa nao wamesare 2-2. Yaani hapo Fenerbahçe ni bingwa! Watu wakaingia uwanjani, wachezaji wanakumbatiana, mashabiki wanalia kwa furaha, dakika zinaenda. Kumbe Bursa kashinda 2-1. Pointi 75 kwa 74. Furaha ile ikageuka hasira mpaka viti vya uwanja vikachomwa moto.

Mi nilivyoisikia hii mara ya kwanza nilicheka. Sikucheka sana lakini, maana nilikumbuka yangu. Mwaka fulani nilifanya usaili ofisi moja, jamaa wa mle ndani akanipigia simu akaniambia kaka jina lako nimeliona, hesabu umepata. Sikusubiri barua. Nikampigia mama, mama akatangaza jumuiya nzima, nikanunua kreti ya soda kwa mkopo pale dukani, na shati jeupe nikanunua. Barua haikuja mpaka leo.

Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba anayejiona amesimama aangalie asije akaanguka, na sisi huwa tunadhani ni onyo kwa watu kama wale wa kipaza sauti. Hapana, angalia hawa Bursa walioshinda kweli. Msimu uliofuata walicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, kundi moja na Manchester United, wakaambulia pointi moja. Mwaka 2019 wakashuka daraja, 2022 wakashuka tena, madeni yamewakaba, wakafungiwa kusajili, wanachezesha vijana wadogo wanapigwa tu, 2024 wakajikuta daraja la nne. Miaka 14 toka kombe! Kombe lilikuwa halali kabisa wapendwa, na bado halikuwashika mkono.

Ila kuna kitu kimoja kwenye habari hii kinanigusa kuliko kombe lenyewe. Kule daraja la nne, wanacheza na timu ambazo hata Waturuki wengine hawazijui, uwanja wao ule mkubwa ulikuwa unajaa makumi ya maelfu ya watu, kijani na nyeupe mtupu, huwezi kuamini ni daraja la nne. Hakuna kombe la kupiga nalo picha, watu wamekuja tu kwa sababu ni timu yao. Na 2025 wakapanda daraja moja.

Na mimi jumuiya hawakunicheka, au walicheka nikiwa sipo sijui. Jumamosi iliyofuata sala ilikuwa zamu ya nyumbani kwetu, nikatamani kujificha kabisa, nikasema labda watakuja wawili watatu. Walijaa mpaka wengine wakakalia ndoo nje. Mama mmoja alileta maandazi kwenye beseni, hakuniuliza kitu, akanipa mawili akasema mwanangu kula, hiyo soda utailipa taratibu.