Nilivyomwonyesha mama mkubwa Dr. Mabuse, muvi ya 1922 isiyo na sauti

Hii muvi ya Fritz Lang ni ya Ujerumani, ina sehemu mbili, ukizijumlisha inapita masaa manne, na maongezi yote ni maandishi. Mama mkubwa hasomi Kijerumani wala Kiingereza ila muvi za utapeli anazipenda balaa, basi nikaamua mimi ndo niwe mtafsiri wake kama wale wa vibanda umiza.

Kwanza niliangalia mwenyewe nikaandika maneno kwa Kiswahili kwenye daftari. Kilichosaidia zaidi ni kumweleza mambo ya pesa KABLA ya tukio halafu nanyamaza, maana ukiongea mfululizo mtu haoni sura, na sura ya Rudolf Klein-Rogge aliyecheza Mabuse, yule tapeli mkuu, ndo muvi yenyewe, yale macho!

Mfano pale mwanzo, watu wa Mabuse wanaiba mkataba wa biashara kwenye treni, habari zikivuja hisa zinaporomoka, yeye yuko soko la hisa ananunua kwa bei ya kutupa, mkataba ukipatikana bei inapanda anauza. Nikamwambia hivyo tu. Mama mkubwa ameuza mchele miaka mingi, akasema "huyo mlanguzi tu mwanangu, wetu walikuwa wanaficha sukari". Hapo nikajua ameshika, sikuhitaji kueleza tena.

Kwenye meza za karata pia hakupata shida, kijana tajiri Hull anapumbazwa kwa macho mpaka anapoteza pesa akiwa na karata nzuri mkononi. Aliyemuumiza moyo mama mkubwa ni Cara Carozza, yule mcheza dansi. Mabuse anamtumia kumnasa Hull, Hull anauawa, dada wa watu anafungwa na hamtaji bosi wake hata kwa dawa kwa sababu anampenda, halafu Mabuse anamtumia sumu gerezani na anainywa. Mama mkubwa alikasirika kweli kweli, akaniambia nisimamishe kwanza, na mimi naona alikuwa na haki, kwangu huo ndo usaliti mbaya kuliko wizi wote wa mle ndani.

Kama na wewe unataka kumwonyesha mzazi usimlazimishe amalize kwa mkao mmoja, hata Berlin kwenyewe sehemu ya kwanza ilitoka mwezi wa nne na ya pili mwezi wa tano. Sisi tulikuwa tunaishia pale kitendo kimoja cha muvi kinapoisha, kesho yake yeye ndo ananikumbusha niwashe.