Usiku wa baridi Mufindi, na saisi aliyeniokoa

Sisi watu wa Dar tukifika Julai tunadhani baridi tunaijua. Kusi inavuma, madereva wa bodaboda wanavaa majaketi mazito, feni inazimwa, na mama yangu kule Temeke anachemsha maji ya kuoga huku akilalamika. Hiyo ndiyo baridi niliyokuwa nayo kichwani nilipokwenda Mufindi, nyanda za juu za Iringa, kupanda farasi kwa masafa marefu na kulala kwenye mahema.

Safari ya basi haina mengi. Mbezi alfajiri, Mikumi, foleni ya malori mlima Kitonga, Iringa, Mafinga giza likiwa limeingia. Nauli ilipanda tangu mara ya mwisho, na mahindi ya kuchemsha ya Ruaha Mbuyuni nayo.

Kilichonikera ni kambi. Waandaaji walikuwa wametuahidi vifaa vyote vya kulala, na hela waliyochukua ilikuwa nene. Pembeni ya shamba la chai tukakuta mahema, jamvi la plastiki na blanketi moja jembamba kwa kila mtu. Ukitaka la pili, shilingi 15,000. Ndoo ya maji ya moto, 5,000. Hapo tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo Julai umande huweza kuganda mabondeni.

Kutwa nzima tulikuwa juu ya tandiko, tukipita kwenye misonobari na chai. Ukiwa kwenye mwendo mwili unachemka, lakini miguu imetulia kwenye vikuku vya kukanyagia na inakufa ganzi. Saisi wetu, yaani mtunza farasi, mzee wa Kihehe, alitushusha kabla ya kambi tukatembea kilomita ya mwisho tukiwa tumeshika hatamu. Farasi anapoa polepole, damu ya mpandaji inarudi vidoleni. Tulipofika akaweka kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto cha farasi wangu, macho kwenye saa, akahesabu mapigo. Kwenye mashindano ya kimataifa ya mbio ndefu, kwa kawaida farasi ambaye mapigo yake hayajashuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa anatolewa. Mzee hana mashindano, ila hesabu hiyo haiachi. Kisha akawasugua farasi kwa magunia makavu mpaka jasho likaisha manyoyani, ndipo akawafunika. Blanketi juu ya jasho, alisema, linamgandisha mnyama.

Usiku nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Saa nane nikatoka nje, nikamkuta mzee na kurunzi anawaongezea farasi nyasi kavu.

"Kamwene, mwanangu. Usingizi umekataa?"

"Baridi, baba. Hawa wenzetu hawaisikii?"

"Hawa wana jiko tumboni. Lete mkono."

Akauingiza mkono wangu chini ya blanketi la farasi, nyuma ya bega. Pale palikuwa na joto zito lenye harufu ya jasho na majani, na nikasikia tumbo likinguruma. Akanieleza kwamba nyasi zinachachuka kwenye utumbo mpana, na kuchachuka huko kunazaa joto kwa saa nyingi, kuliko nafaka. Ndiyo maana usiku wa baridi anaongeza nyasi badala ya pumba. Maji nayo anayapasha kidogo, kwa sababu farasi akikuta maji baridi sana hunywa kiduchu, chakula kikavu kikamkwama, na msokoto wa tumbo huweza kumuua farasi.

Halafu akanigeukia mimi. "Umekula nini?" Chai na andazi. Akatikisa kichwa, akanitolea viazi vya moto jivuni na maharage. Fulana ya pamba niliyopandia farasi akaniamuru niivue, maana pamba ikilowa haikauki upesi, nikabaki na sweta la sufu la mtumba nililonunua soko la Karume. Mwisho akachukua nyasi kavu mzigo mzima, akazitandaza chini ya jamvi langu. Joto la mtu, alisema, linaibwa na ardhi kabla ya upepo. Nililala mpaka jua likatoka, kwa blanketi lilelile moja.

Asubuhi nilimwona amebana lijamu kwapani. Chuma cha baridi hakiingii kinywani mwa farasi wake.

Nimewaza sana kuhusu nyumbani tangu hapo. Nimekulia Dar, na farasi niliowaona ni wa polisi, basi. Mzee aliniambia joto la bondeni lina visubi wanaoeneza maradhi yanayoua farasi haraka, na porini kuna mbung'o. Baridi inayotutesa sisi ndiyo inayowapunguza visubi hao. Kwa hiyo mnyama huyu anapendezwa na mahali ambapo mimi nilitaka kupakimbia usiku ule, na hilo limenifanya niipende Mufindi kwa dhati.

Niliwadai waandaaji hela ya vifaa, wakarudisha nusu baada ya simu nyingi. Mzee nilimpa hela akakataa. Alitaka papa mkavu kutoka Pwani. Nilimnunulia Kariakoo, nikamkabidhi kondakta wa basi la Mafinga. Kesho yake mzee akapiga simu: papa kafika, ila amepunjwa kipande njiani.