Tumbawe Chini ya Mwaloni

Juzi Jumapili nilitoka zamu ya usiku ghalani nikijua naenda kulala, kumbe mama watoto ameshawavalisha watoto viatu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, joto la Agosti limepungua, lazima twende msituni. Tunakaa Bethlehem, Pennsylvania, na South Mountain ipo hapo nyuma tu, imejaa mialoni. Mti huu niliusikia shule ya Jumapili kule Rungwe, mialoni ya Mamre. Sikujua kama nitakuja kuyakanyaga majani yake huku ninasinzia.

"Baba watoto, njoo uone tumbawe!"

Yeye ni mtu wa Pangani, sikuthubutu kumbishia. Chini ya mwaloni palikuwa na kitu cheupe kama pembe ya ndovu, upana wa kisosi, matawi yamebapa kidogo na kushikana chini. Tumbawe tupu! Nikaliminya. Halikuvunjika, lilipinda likarudi, kama gegedu la sikio la mbuzi. Tawi moja lilikuta jani kavu njiani, halikulizunguka, lililimeza nusu likaendelea kukua.

Ni uyoga, jamaa ya ile inayoteleza kama jeli, ingawa huu ni mgumu. Kofia hauna. Nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya mwaloni ulio hai: unaupelekea maji na madini, mwaloni nao unaulipa sukari. Wataalamu wanauita Sebacina schweinitzii.

Hapo ndipo usingizi uliponiisha. Jina hilo linamkumbuka Lewis David de Schweinitz, aliyezaliwa hapa hapa Bethlehem mwaka 1780 na kufia hapa 1834. Alikuwa bingwa wa uyoga, na alikuwa mchungaji wa Moravian. Kanisa letu! Wamoravian ndio walioanzisha mji huu mwaka 1741, na Rungwe walifika 1891. Miaka yote hii napita mbele ya kanisa lao nikienda kazini, sijui kitu. Marehemu bibi angeelewana sana na mchungaji huyo. Mvua ikinyesha Jumamosi, ibada ikiisha tu, bibi na kikapu chake haonekani.

Mama watoto hayo ya wachungaji hayakumgusa. Alimtumia mama yake picha. Mama mkwe akajibu kwa sauti, kutoka Pangani: "Mwambie mwenzio asiliingize ndani hilo, likikauka litawanukia nyumba nzima."

Tuliliacha pale pale.