Nilivyoigeuza Hunter yangu kuwa ya Eastleigh

Mjomba wangu alikulia Pumwani, Nairobi, jirani na uwanja wa ndege wa Eastleigh. Siku alipoziona modeli zangu za ndege kwa mara ya kwanza hakuuliza bei, wala hakuniuliza mtu mzima anafanya nini na vidude vya watoto. Alinyoosha kidole kwenye moja tu. “Hii si ndiyo ile ya filimbi?”

Ilikuwa Hawker Hunter, jeti ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza tarehe 20 Julai 1951. Filimbi aliyoisema mjomba ni kweli: Hunter ikipita kasi hutoa mvumo mwembamba wa huzuni, na husemwa kwamba ni hewa inayopita kwenye matundu ya mizinga yake minne chini ya pua, kama mtu anavyopuliza mdomo wa chupa. Mjomba aliusikia akiwa mtoto. Mwaka 1960 Kikosi cha 208 cha jeshi la anga la Uingereza kililetwa Eastleigh na Hunter zake, na mwaka uliofuata, Iraki ilipodai Kuwait ni yake, ndege hizo zikapelekwa huko.  Kikosi kikahamia Aden.

Basi nikamwambia mjomba, kwa kujigamba, kwamba hii ndiyo yenyewe, ya Nairobi. Ndivyo aliyeniuzia alivyoandika. Ni ya mtumba, ya ng'ambo, kipimo cha 1/72, yaani kila sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege. Hunter halisi ina urefu wa karibu mita 14, kwa hiyo yangu ni sentimita 19 na kitu. Si plastiki, mwili wake ni aloi ya zinki iliyosubiwa kwenye kalibu ya chuma, na ukiishika mkononi unausikia uzito. Mguu wa gurudumu la mbele ulikuja umevunjika, na ule mwiba wa kupimia kasi kwenye ncha ya bawa la kushoto haukuwepo kabisa. Hayo niliyatarajia kwa bei ile.

Usiku, mjomba akishaondoka, ndipo nilipoitazama vizuri nikaona nimeuziwa hadithi. Juu ya bomba la moto, pale mkiani, palikuwa laini kabisa.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Hunter zilizokaa Nairobi na Aden zilikuwa za toleo la FGA.9, lililoandaliwa kwa ajili ya nchi za joto na kazi ya kushambulia ardhini. Ukitaka kuitambua, angalia mkia: ina nundu inayohifadhi parachuti ya breki. Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, ndege inatua kwa kasi kubwa kuliko ilivyozoea pwani, na breki za magurudumu peke yake hazikuwa za kutegemewa. Hata Hunter za kiti kimoja ambazo Kenya yenyewe ilizinunua mwaka 1974 zilikuwa FGA.9. Yangu haikuwa na nundu. Ilikuwa toleo la F.6, dada yake mkubwa.

Nilifikiria kuirudisha. Posta peke yake ingekula nusu ya bei. Halafu nikakumbuka jambo nililolisoma zamani nikalipita: hakuna FGA.9 iliyojengwa ikiwa mpya. Zote zilikuwa F.6 zilizorudishwa kwa mafundi zikageuzwa. Nikacheka peke yangu. Kama wao waliigeuza, mbona nami nisigeuze?

Wakusanyaji wenzangu wengi wangenipiga mawe. Kwao modeli ikiguswa rangi imekufa, na sanduku likichanika kona ni msiba. Sawa, lakini hii ilikuwa kilema tayari.

Nilianza na mguu, nikaharibu. Niliupaka supaglu, nikaurudisha mahali pake, nikaifunika ndege na bakuli la plastiki ili vumbi lisiingie. Asubuhi kioo cha rubani kilikuwa cheupe kama dirisha la bafuni. Mvuke wa supaglu ukikosa pa kwenda hukaa kwenye plastiki angavu. Nilikisugua na dawa ya meno kwa kitambaa cha pamba, duara ndogo ndogo, karibu saa nzima huku nikisikiliza redio, hadi kiti cha rubani kikaanza kuonekana tena. Na mguu wenyewe? Uling'oka siku hiyo hiyo. Mara ya pili nilitoboa tundu dogo pande zote mbili kwa keekee ya kuzungusha na vidole, zinki ni laini, haisumbui, nikapitisha kipande cha waya wa gitaa kati yake kama fundi anavyotia nondo kwenye nguzo. Ukashika. Mwiba wa bawani niliutengeneza kwa ncha ya sindano.

Nundu ndiyo iliyonipa raha. Nilitumia gundi ile ya kijivu ya kukandwa, inayozibia matangi ya maji. Kidonge cha ukubwa wa punje mbili za mchele, nikakilaza juu ya bomba, nikakilainisha kwa kijiti cha meno kilicholowa maji, nikakiacha siku mbili. Ya kwanza ilikaa kama chunjua, nikaikwangua. Ya pili ilikaa. Kisha msasa laini, kisha rangi. Kijivu kiligoma kufanana na cha kiwandani mpaka nilipotia tone la buluu. Ukiisogeza dirishani bado utaona tofauti.

Mjomba alipokuja tena nikamwonyesha mkia, nikamweleza habari ya parachuti kwa kirefu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akaiinua ndege hadi mdomoni, akapuliza kwenye matundu ya mizinga.

Haikulia. Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi.

“Hii nayo itengeneze,” akasema.