Asali amezaa!

Vilebu wanne, wote wananyonya. Mungu ni mwema.

Mnaoniuliza huyu ni mbwa gani: ni Sussex Spaniel, mbwa wa mawindo wa hapa kusini mwa Uingereza. Mfupi, mzito, rangi ya ini, ila ukimpeleka juani ncha za manyoya zinawaka dhahabu. Spanieli wengine huwinda kimya. Huyu akinasa harufu ndani ya miiba anabweka, na mwenye bunduki anajua ndege yuko wapi. Napenda mno sauti ile.

Lakini wamebaki wachache. Kennel Club, chama kinachosajili mbwa Uingereza, inawahesabu kati ya mbwa wa asili walio hatarini, wale ambao vilebu wanaosajiliwa kwa mwaka hawafiki 300. Vita Kuu ya Pili nusura iwamalize, na anayeshukuriwa kwa kuwaokoa ni Joy Freer, aliyeendelea kuwazalisha wakati ule mgumu.

Ukoo ukiwa mdogo hivyo hupandishi ovyo. Kuna kasoro ya kurithi inayoitwa PDP1: mbwa anakimbia kidogo tu, anaanguka. Tulipima vinasaba. Mbwa huugua akirithi nakala mbili za kasoro, moja kwa kila mzazi. Asali ni safi, dume ana nakala moja, kwa hiyo hakuna kilebu atakayeugua. Wapo walionishauri nimkatae dume. Nilikataa ushauri. Tukimtupa kila mwenye nakala moja, tutabaki na damu gani?

Vilebu nao watapimwa kabla ya kuondoka. Nitawapa watu wanaokwenda mawindoni kweli, na jike mmoja nabaki naye.